Sikio la Fundi: Chumba nacho kihesabiwe mwanabendi

Barua za mara hii karibu zote zimetoka kwa vijana wa mkoa wetu wa Kigoma wanaotaka kurekodi roki mbadala ya taratibu: vyombo vichache, nafasi kubwa, sauti inayokuzunguka badala ya kukuvamia. Nimezijibu kwa pamoja, kwa sababu anayeuliza juu ya dramu na anayeuliza juu ya prodyuza wake wanazungukia jambo lile lile. Muziki wa namna hii naupenda kwa dhati, kwa hiyo mtaniwia radhi mahali nitakapokawia.

Shikamoo Mama Fundi. Tuko wanne hapa Mwandiga: gitaa, besi, dramu, na dada yetu mmoja anayeimba. Nyimbo zetu ni za polepole. Tulikwenda studio moja, kila mtu akaingizwa peke yake kwenye kibanda chenye sponji, na kilichotoka ni kikavu, kimebanana, hakifanani na tunavyosikika jioni tukipiga darasani. Fedha zetu ni za kuungaunga. Tuanzie wapi?

Marahaba wanangu. Anzieni darasani.

Kibanda cha sponji kina kazi yake na sikibezi. Kimejengwa ili kuua chumba, kwa kuwa muziki wa biti, yaani wa midundo ya kompyuta, hutengenezewa chumba chake baadaye ndani ya programu. Wenu unaishi kwenye ule mwangwi unaobaki kidole kikishaachia uzi. Huo ukiuawa mlangoni, hakuna prodyuza atakayeufufua sawasawa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua chumba, na mkichague kwa masikio. Mmoja asimame katikati apige kofi moja kavu, wote mnyamaze. Mkisikia mtetemo mkali wa haraka haraka nyuma ya kofi, hizo ni kuta mbili zinazotazamana zikirudishiana sauti. Tundikeni blanketi zito kwenye ukuta mmoja, ule wa pili muuache. Kofi likififia taratibu bila kelele hiyo, mmepata. Kisha besi apande noti moja moja kuanzia chini kabisa. Kuna moja itavimba kupita wenzake. Hiyo ni ya chumba, mpigaji hana kosa. Sogezeni ampu (spika ya kukuzia sauti ya gitaa) hatua mbili tatu mpaka uvimbe upungue. Wengi hukimbilia kutundika kanga na vitenge ukuta mzima. Kitambaa chepesi hula sauti za juu tu. Wimbi la noti ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 3 na nusu, haliisikii kanga hata kidogo. Magodoro mawili kwenye pembe yatawafaa zaidi.

Likizo ya Juni madarasa yako wazi. Andikeni barua kwa mwalimu mkuu, mtaje siku na saa, na mtu mzima atakayesimama nanyi. Juni ina faida nyingine: mvua zetu zimeshakwisha. Bati lisilo na dari kukinyesha hakuna mjadala, na hata jua likikolea huwa linaalika, wingu likipita linaalika tena. Ndiyo maana mimi hurekodi usiku, kuanzia saa nne hivi, watu wakisharudi kutoka isha na bodaboda zikipungua.

Na mlio karibu na maji, kuanzia Kibirizi hadi Katonga, tazameni mwezi kabla ya kupanga ratiba. Giza likiwa nene wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani na taa, na injini za mitumbwi zinasafiri juu ya maji mpaka ndani ya maikrofoni zenu. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawazijali taa, wavuvi wengi hupumzika, na ziwa lote linatulia. Nyimbo zenu laini kuliko zote ziwekeeni usiku huo.

Sasa, kukaa kwenyewe. Bendi ya Kanada iitwayo Cowboy Junkies ilirekodi albamu ya The Trinity Session tarehe 27 Novemba 1987 ndani ya kanisa la Holy Trinity mjini Toronto, wote wakipiga pamoja mbele ya maikrofoni moja. Moja tu. Hakukuwa na nafasi ya kumpandisha huyu na kumshusha yule baadaye, kwa hiyo prodyuza Peter Moore alichanganya sauti kwa kusogeza watu. Mwimbaji, Margo Timmins, ambaye sauti yake ni ndogo, aliimba kupitia spika iliyowekwa humo humo ukumbini.

Jaribuni hivyo hivyo. Ukiongeza umbali mara mbili, sauti inayotoka moja kwa moja kwenye chombo hushuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), lakini mwangwi wa chumba unabaki palepale. Kwa hiyo anayerudi nyuma hapungui sauti tu, anazama ndani ya chumba. Na anayesogea mbele anakuja sikioni mwa msikilizaji. Dramu akae mbali kabisa. Ampu ya gitaa iinueni juu ya kiti, muigeuzie ukuta kidogo. Besi akae pembeni kwa sauti ndogo. Dada yenu awe karibu kuliko wote. Rekodini ubeti mmoja, sikilizeni kwa hedifoni, msogezeni mtu mmoja tu, rekodini tena. Kila mahali penye kufaa pigeni alama ya chaki sakafuni, na jina. Usiku wa kwanza mnaweza kuumaliza kwa kusogezana tu, bila wimbo hata mmoja kukamilika, na usiku huo utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote cha kununua.

Mama Fundi, napiga dramu hapa Ujiji. Wenzangu wanataka niache kiki (ile ngoma kubwa ya mguu) na tomu zote (ngoma za kati), nibaki na sneya, ngoma yenye nyaya chini yake, na toazi moja. Nimejifunza kwa miaka, leo niguse ngoma moja? Naona kama wananiondoa kijanja.

Pole baba, naelewa inavyouma. Lakini mtu anayetaka kukuondoa hakupi sehemu ambayo ukiikosea wimbo mzima unaanguka.

Kuna bendi iliyoitwa Low, kutoka Duluth huko Marekani, mji wa bandari kando ya ziwa Superior, ziwa kubwa kuliko yote ya maji baridi duniani kwa eneo. Watu wa ziwani kama sisi. Mpiga dramu wao alikuwa mwanamke aitwaye Mimi Parker, aliyefariki mwaka 2022. Alipiga akiwa amesimama, na ngoma zake zilikuwa za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, mara nyingi kwa brashi, huku akiimba. Albamu yao ya kwanza, I Could Live in Hope, ilitoka mwaka 1994, wakati ambapo roki iliyotamba Marekani ilikuwa ya makelele. Isikilize ukiwa peke yako, kisha jaribu kichwani kuondoa pigo moja la Mimi Parker. Utaona ukuta wote unainama.

Fanya hesabu ndogo. Wimbo wa mapigo 60 kwa dakika una pigo moja kila sekunde. Ukumbi ambao mwangwi wake unachukua sekunde 2 kufifia unamaanisha kila pigo lako linatua juu ya mkia wa pigo lililotangulia, na ule wa pigo la kabla yake ndiyo kwanza unaisha. Ukiongeza kiki, tomu na manjonjo ya katikati, ndani ya ubeti mmoja kila kitu kimekuwa uji. Ukiacha nafasi, mkia wa sneya yako unakuwa sauti yenye urefu, kama vile umepewa chombo cha pili. Wewe ndiye utakayeamua wimbo unapumua wapi. Huko sikuiti kupunguziwa kazi.

Brashi za dukani ni ghali na hapa hazipatikani kirahisi. Chukua chelewa za mchikichi, zile za fagio la uwanjani, zilizokauka vizuri. Chagua nyembamba zilizonyooka, ujazo wa kushikika kwa vidole vitatu, zikate ncha zilingane. Funga upande wa mkono kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ukivute sana. Halafu tafuta kwa sikio mahali pa kufunga mara ya pili: ukipandisha tyubu kuelekea ncha, chelewa zinakaza na pigo linatoka na kichwa, ukiishusha, zinatawanyika na kukupa ule mchakacho mrefu juu ya ngozi. Nina jozi mbili zilizofungwa tofauti, na waimbaji wenyewe huniomba moja au nyingine kwa jina la wimbo. Zikivunjika, mchikichi haujaisha Kigoma.

Jambo la mwisho kwako: nyaya za chini ya sneya hutetemeka zenyewe besi ikipigwa. Katika muziki uliojaa hakuna anayesikia. Katika muziki wenu itasikika kama nyuki. Pale usipopiga, zilegeze kwa ile swichi ya pembeni.

Nina laptopu, saundi kadi ya matundu mawili na maiki mbili za jukwaani. Nimeambiwa nisithubutu kurekodi albamu bila maiki za mamilioni. Msomaji wa Kasulu.

Thubutu. Mwaka 1982 Bruce Springsteen alitoa albamu ya Nebraska, na nyimbo zake alizirekodi nyumbani New Jersey kwa mashine ya kaseti ya njia nne, TEAC 144, na maikrofoni mbili za Shure SM57, maiki ambazo huenda ndizo ulizonazo wewe. Rekodi hizo zilikuwa za kuwaonyesha wenzake tu. Walipojaribu kuzipiga upya na bendi nzima studio, ile hali ikapotea, na kilichotolewa ni kaseti yenyewe. Kwa hiyo usifute rekodi ya kwanza ya wimbo wowote, hata kama mlikuwa mnajaribu vyombo.

Mambo machache ya kukulinda. Chomoa laptopu kwenye umeme urekodi kwa betri; umeme wetu wa hezi 50 huingia kwenye nyaya na kuacha mvumo wa chini ambao kwenye muziki wa kelele hujificha, kwenu hautajificha. Chaja za simu zote zitolewe ukutani, na simu ziwe nje ya chumba. Rekodi kwa biti 24 (hapa biti ni kipimo cha undani wa rekodi kwenye kompyuta, si mdundo), na vilele vya sauti viishie karibu na desibeli −12, yaani 12 chini ya kikomo. Usiogope mstari mdogo kwenye skrini. Maiki za jukwaani hazihitaji ule umeme wa volti 48, uzime. Na jokofu la jirani: muombe kwa heshima, mpelekee chochote, azime kwa saa mbili.

Prodyuza wangu amesikiliza nyimbo zetu akasema ziko tupu. Anataka aweke kinanda chini kote, otochuni (programu ya kunyoosha noti za mwimbaji) kwenye sauti, na azipandishe ziwe na nguvu, la sivyo redio hawatazipiga. Anakosea? Uvinza.

Huenda yuko sawa kwa wimbo mmoja na amekosea kwa mwingine, na ni wajibu wenu kujua upi ni upi. Kuna utupu uliochaguliwa na kuna wimbo ambao haujaisha kutungwa. Njia yangu ya kuvitenga ni hii: zima chombo kimoja kimoja ukisikiliza. Kama ukizima gitaa wimbo unabaki vilevile, lile gitaa halikuwa na kazi, na kinanda hakitaokoa kitu, rudini mkatunge. Kama kila unachozima kinaacha shimo linalouma, wimbo umekamilika, na kinanda cha chini kote kitaziba yale mashimo ambayo mlikaa usiku kucha kuyachimba.

Mwambie pia, kwa adabu, kwamba upungufu wa vyombo si ugeni uliotoka ng'ambo. Bendi zetu zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam zikipiga pamoja, moja kwa moja kwenye utepe. Tafuteni rekodi za Tabora Jazz, majirani zetu wa reli hii hii. Hiyo ni dansi, si roki, na watu ni wengi kuliko nyinyi, lakini sikilizeni solo linavyomsubiri mwimbaji amalize sentensi. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Adabu hiyo ndiyo ninayowaomba.

Kuhusu kupandisha: kubana sauti mpaka iwe bapa kulikuwa na mantiki zamani, kila mtu akitaka wimbo wake usikike juu kuliko uliotangulia. Leo mitandao ya kusikilizia inasawazisha yenyewe. Spotify kwa kawaida hurudisha nyimbo kwenye kiwango cha LUFS −14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia). Uliyebana sana unashushwa, na unabaki bapa bure. Waacheni watu waongeze sauti wenyewe.

Otochuni, hapana. Katika muziki wenye vyombo vinne, mtikisiko mdogo wa koo ndio unaomwambia msikilizaji kuna mtu humu ndani.

Kama mnaona sauti imekaa karibu mno na mnataka upana zaidi, kuna njia ya kale kuliko programu zote. Tafuteni tangi tupu la saruji la kuvunia maji ya mvua, lile lenye mfuniko wa kuingia mtu. Teremsheni spika ndogo upande mmoja na maiki upande mwingine, imegeuziwa ukuta, isitazame spika. Chezesha ndani yake sauti ya mwimbaji peke yake mliyokwisha kuirekodi, na rekodi kinachorudi. Kisha ilazeni hiyo chini ya sauti kavu, kidogo kidogo, mpaka mtu asitambue ipo ila akitambua ikiondoka. Studio kubwa za Ulaya na Marekani zilijenga vyumba maalumu kwa kazi hiyo hiyo miongo mingi kabla ya kompyuta. Kila tangi lina sauti yake. Kagueni kwanza kwamba ni kavu kabisa, na mtu asiingie humo peke yake.

Mama Fundi, mimi ni mwalimu wa kwaya hapa mjini. Binti mmoja wa sauti ya kwanza amejiunga na bendi ya aina hii, na anaimba kama anayezungumza na mto wake. Nilimfundisha kutoa sauti tumboni. Hajiharibu?

Ndugu Mwalimu, kazi yako haijapotea hata chembe. Kuimba polepole kwa noti ndefu kunataka pumzi kuliko kuimba kwa nguvu. Mkemee kwa jambo moja tu: asinong'one kweli. Mnong'ono usio na sauti ya koo unachosha nyuzi na maiki haishiki kitu. Aimbe kwa sauti yake kamili, ndogo, midomo ikiwa shubiri moja kutoka kwenye maiki na maiki imeinamishwa kidogo pembeni ili pumzi za "p" na "b" zipite. Akisogea karibu zaidi ya hapo, maiki hizi za mwelekeo mmoja huongeza besi, na sauti yake ya kwanza itageuka nzito ambayo si yake.

Nakuomba pia umsaidie maneno. Mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye wimbo wa kasi ukikosea mkazo unapita. Kwenye wimbo wa mapigo 60 mtu akivuta silabi isiyostahili kwa sekunde tatu, kila msikilizaji wa Kiswahili anakunja uso bila kujua kwa nini. Hilo wewe unalijua kuliko bendi nzima.

Nyimbo tumetunga wote watatu, lakini anayesajili ni mmoja. Kuna shida?

Ipo, na huja siku fedha zikianza kuonekana. Kabla ya kurekodi andikeni karatasi moja: nani katunga maneno, nani kaweka muziki, nani kapiga, kila mmoja asilimia ngapi, wote mtie sahihi, na shahidi. Kisha ndiyo mwende na majina yote matatu COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usajili wa wasanii wenyewe uko BASATA, baraza la sanaa. Msichanganye hayo mawili.

Tumemaliza nyimbo zetu, dakika zinakaribia 40. Tunabishana juu ya mpangilio. Mmoja anataka ile iliyochangamka itangulie ili watu wasikimbie. Kibirizi.

Dakika 40 zinatosha kabisa, msiongeze. Kuhusu kutangulia, mimi niko upande wa wanaobisha: anayefungua kwa wimbo uliochangamka anamwahidi msikilizaji albamu ambayo haipo. Fungueni kwa wimbo unaokionyesha chumba, hata kama gitaa linasubiri nusu dakika kabla ya kuingia. Uliochangamka uwekeni wa nne au wa tano, pale sikio linapoanza kuzoea.

Kisha angalieni funguo. Nyimbo mbili za ufunguo mmoja zikifuatana kwa mwendo mmoja huonekana wimbo mmoja mrefu. Mara nyingine hilo ndilo mnalotaka, lakini liwe kwa kukusudia. Na nafasi kati ya wimbo na wimbo msiiachie programu iweke sekunde 2 za kimya cha kompyuta. Kimya hicho ni cheusi kabisa, kinamtoa mtu chumbani ghafla na kumrudisha. Nendeni tena pale mliporekodi, saa ile ile ya usiku, maiki mahali pale pale penye chaki, mrekodi dakika tano za chumba bila mtu kupiga chochote. Mtandaze hiyo chini ya mapengo yote, na kila pengo lipewe urefu wake: baada ya wimbo mzito sekunde 6 au 7, kati ya ndugu wawili sekunde 1. Mpangilio mliobishania utaanza kujipanga wenyewe mkishasikia mapengo hayo, kwa hiyo fanyeni hivyo kabla ya kupiga kura.